Moto Unaofukuta Ndani ya Paa

Kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupita Mapinga na Zinga, mpaka Bagamoyo yenyewe, mtu anayejenga huanza kwa kuwazia joto. Aezeke nini ili mchana wa Februari, jua la kaskazi likiwa limeshika, ndani pakalike? Wenye hoteli na mabanda ya ufukweni hujibu kwa makuti. Wenye nyumba za kuishi huezeka bati na kuweka chini yake silingibodi au jipsamu, na siku hizi wapo wanaoongeza kitu kati ya bati na dari: karatasi inayong'aa yenye povu, magodoro ya nyuzi, mabamba ya povu gumu. Wenye vyumba vya ubaridi vya samaki na kamba hununua kuta zilizokwisha kujazwa povu kiwandani. Suala la moto huja baadaye, na likija huulizwa swali moja tu: hiki kitu kinawaka?

Naona swali hilo halitoshi, na ndilo linalotuponza. Vitu vingi vinavyotukinga na joto vina moto wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mwali, tunaoujua na kuukimbilia. Wa pili hauna mwali. Hufukuta ndani kwa ndani, saa baada ya saa, ukitoa moshi mwembamba au harufu tu, mpaka upepo au tundu la hewa liufanye ulipuke. Sheria zetu, mitungi yetu ya kuzimia moto, hata macho ya walinzi wetu wa usiku, vyote vimefunzwa kutafuta ule wa kwanza.

Tofauti yao ni hii. Mwali ni gesi inayoungua: kitu kikipata joto kali hutoa gesi, gesi ikachanganyika na hewa na kuwaka juu yake. Moto unaofukuta hauna haja ya hatua hiyo. Hewa hupenya katikati ya nyuzi, ikakutana na uso wa kaa, na kuungua kunafanyika pale pale kwenye kitu chenyewe. Joto lake ni dogo kuliko la mwali, aghalabu nyuzi 500 hadi 700 za selisiasi pale penye kaa, na mwendo wake ni wa pole mno. Kiasi cha milimita moja kwa dakika ni kawaida, yaani sentimita sita kwa saa. Kilichoanza saa mbili usiku, wageni wakiwa mezani, kinaweza kuwa kimetembea nusu mita tu kufika alfajiri, bila mtu kuona cheche. Tena unaweza kuendelea katika hewa iliyopungua kiasi ambacho mwali ungekufa, na kwa kuwa kuungua kwake si kamili hutoa kaboni monoksidi nyingi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayomuua mtu usingizini.

Si kila kitu hufukuta. Ni lazima kiwe na matundu au nyuzi za kupitisha hewa, kiache kaa kinapoungua, na kisiruhusu joto kutoroka. Sharti hili la tatu ndilo kiini cha suala zima, kwa sababu ndiyo sifa tunayoilipia tunaponunua kinga ya joto. Kinachozuia joto la jua lisiingie huzuia pia joto la kaa lisitoke. Kaa dogo likianguka juu ya saruji hupoa na kufa. Likianguka ndani ya usumba au karatasi iliyosagwa hufunikwa, hutunzwa, na huendelea. Ubora wa kitu hicho kazini ndio ubaya wake siku ya moto.

Watu wa mwambao wanayajua haya kwa mikono yao, ingawa mara chache huyapeleka kwenye ramani ya nyumba. Makumbi ya nazi huachwa yakifukuta jioni ili moshi wake ufukuze mbu, na asubuhi ukiyapekua unakuta kaa hai ndani ya majivu. Kumbi limejaa potasiamu, na chumvi za potasiamu na sodiamu zinajulikana kurahisisha kufukuta kwa vitu vya jamii ya pamba, karatasi na mimea. India Kusini na Sri Lanka wenye vibanda walizoea kuning'iniza kamba ya usumba iliyowashwa ncha, iendelee kufukuta kutwa nzima, mpita njia awashie sigara. Kamba ya jamii hiyo hiyo ndiyo iliyofunga fito za mapaa yetu kwa karne nyingi.

Wachoma mkaa wa Kiwangwa, Msata na Chalinze wanafanya kazi yao yote ndani ya elimu hii. Tanuri hufunikwa udongo ili hewa iingie kwa kipimo, magogo yaive bila kuwaka, na mchomaji hukaa siku kadhaa akisoma rangi ya moshi na kuziba ufa unapotokea. Anajua pia kwamba tanuri likifunguliwa mapema, mkaa unaoonekana mweusi na baridi huamka. Gunia lililofungwa na kaa moja hai ndani yake ni hatari kwa lori zima barabarani. Aliyewahi kuwa na godoro la sufi anajua mengine: cheche ikizama humo, maji ya ndoo yanayomwagwa juu hayasaidii kitu. Hulitoi hatarini mpaka ulibebe nje, ulipasue, utoe sufi yote na kuilowesha fungu kwa fungu. Wafanyabiashara wa pamba wana shida hiyo hiyo na marobota, ambayo huweza kufukuta ndani kwa siku nyingi huku ngozi yake ikiwa nzima.

Sasa tazama paa la makuti la banda la ufukweni, kwa karibu. Makombamoyo ya mikoko yamesimamishwa, fito zimepigwa juu yake, na makuti ya viungo yamepandana kama magamba ya samaki, kila safu ikifunika nyingine. Kwenye vipaa vya pembeni safu ni nyembamba na hewa inapita. Hapo moto ukishika huwaka kwa mwali na kukimbia juu kwa kasi ya kutisha. Lakini nenda kileleni, pale vipaa viwili vinapokutana. Makuti yamelundikwa hapo kwa unene ili mvua isipenye. Mara nyingi pia, paa likichakaa, fundi huambiwa aezeke mapya juu ya yale ya zamani ili kuokoa gharama. Chini ya tabaka jipya linabaki la zamani lililokauka, lililosagwa na wadudu kuwa unga, pamoja na viota vya ndege na takataka za panya. Huo ndio mlundiko unaofukuta.

Na katikati ya mlundiko huo, mara nyingi, pamepita waya. Fundi umeme amefunga taa kwenye kombamoyo, akaunganisha waya mbili kwa kuzisokota na kuzizungushia tepu. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Shaba inaota kutu ya kijani, kiungio kinalegea, upinzani wa umeme unaongezeka na kiungio kinachemka. Hakuna shoti hapo, fyuzi haikatiki, taa inaendelea kuwaka, labda inachezacheza kidogo. Unga wa makuti ulioangukia kiungio unabadilika rangi, kwanza hudhurungi, kisha mweusi. Nadhani hii ndiyo hatari isiyozungumzwa kuliko zote katika majengo ya ufukweni. Kila mtu ana tahadhari na jiko la nyama choma na sigara ya mgeni, lakini kiungio kilicho mita tano juu ya vichwa vya watu hakionwi na mtu mpaka mwaka wa kubadilisha makuti.

Bagamoyo imeshaona mapaa makubwa yakiteketea. Ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, uliungua mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ikabidi ujengwe upya. Mwaka 2011 hoteli ya Paradise iliteketea. Siyataji matukio hayo ili kusema yalianzaje. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kinachobaki kufanywa mwali ukishatokea juu ya paa la makuti, nacho ni kidogo mno. Gari la zimamoto, hata likitoka mara moja, linakuta paa limekwisha. Nafasi ya kweli ya kuokoa jengo iko kabla ya mwali, katika zile saa za kufukuta ambapo ndoo moja na ngazi moja vingetosha. Tukikubali hilo, fedha na jitihada zetu zinapaswa kuhamia kwenye saa hizo.

Katika miji ya kale suala linabadilika kidogo. Kuta za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Bagamoyo haziungui, lakini boriti za mikoko zilizozama ukutani huweza kufukuta ndani ya kuta zenyewe baada ya moto wa juu kuzimwa. Lamu, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ina nyumba nyingi za mawe zilizowekewa kivuli cha makuti juu ya dari la wazi, na vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Huko cheche ya paa moja ni hatari kwa mtaa mzima.

Wengi hudhani kwamba kuondoka kwenye makuti na kwenda kwenye bati ni kuikimbia hatari hii. Tangu enzi za ukoloni watawala waliyahesabu makuti kuwa hatari ya mijini na kusifu bati. Ni kweli bati haliungui. Ila nyumba ya bati ina uwazi mkubwa juu ya dari, wenye giza na joto, na humo ndimo waya zote zimetandazwa. Mwenye nyumba anapoamua kuweka kinga ya joto anaitandika juu ya waya hizo, na juu ya migongo ya taa za kuzama kwenye jipsamu. Taa iliyokuwa inapoa kwa hewa ya darini sasa imefunikwa blanketi.

Marekani walipita njia hii kabla yetu. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, familia nyingi zilijaza madari yao kinga ya karatasi iliyosagwa, bidhaa rahisi inayotengenezwa kwa magazeti ya zamani. Nyingine ilitiwa dawa ya moto sawasawa, nyingine haikutiwa ya kutosha, na joto la taa za darini likawa chanzo cha moto. Mwaka 1978 Bunge lao lilipitisha sheria ya dharura kuhusu bidhaa hiyo, na kipimo kilichofuata kilikuwa na sehemu mbili: moja ya mwali, nyingine ya kufukuta. Hii ya pili ni rahisi kuielewa. Sigara iliyowashwa huchomekwa ndani ya karatasi iliyosagwa, ikaachwa iishe. Pasitokee mwali, na uzito usipungue kwa zaidi ya asilimia 15. Ikishindwa, haiuzwi.

California nayo ilibadili kanuni yake ya samani zenye povu mwaka 2013. Jaribio la kuwasha povu kwa mwali mdogo liliondolewa, likawekwa jaribio la sigara inayofukuta, kwa kuwa ndivyo moto mwingi wa makochi unavyoanza. Nayataja haya kwa sababu hapa kwetu muuzaji anapoambiwa athibitishe kwamba bidhaa haishiki moto, hutoa kiberiti mfukoni, akakiwasha na kukiweka pembeni mwa bidhaa kwa sekunde chache, akakuonyesha imekataa. Jaribio hilo halisemi lolote kuhusu kufukuta. Hata dawa yenyewe huweza kudanganya: boraksi hupunguza mwali lakini haizuii kufukuta, pengine hata huchochea, ilhali asidi ya boriki ndiyo inayokandamiza kaa. Ndiyo maana watengenezaji makini huchanganya zote mbili.

Bidhaa zinazouzwa leo zinatofautiana sana. Polistarini, lile povu jeupe la maboksi ya samaki, halifukuti. Huyeyuka, likadondoka na kuwaka kwa mwali na moshi mweusi. Povu laini la magodoro, ambalo ni poliyurethani, hufukuta vizuri sana. Povu gumu la kuta za vyumba vya ubaridi huacha kaa, na kaa hilo huweza kuendelea kuungua ndani ya mabamba mawili ya chuma mahali ambapo maji hayafiki. Nyuzi za mawe na za kioo haziungui zenyewe, na kwa dari la nyumba ya kawaida ndizo ningezichagua, ingawa gundi inayozishikilia huweza kuungua kidogo zikipata joto kali. Nyuzi za nazi, za mkonge, mapumba ya mbao na sufi zinasifiwa sasa kama kinga za asili zisizochafua mazingira. Zina sifa hizo kweli, na zinatoka kwenye mashamba yetu, lakini bila dawa ni vifukutaji vya daraja la kwanza. Anayeziuza bila kusema hivyo anamdhulumu mnunuzi.

Jengo la Grenfell mjini London, lililoungua tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72, lilikumbwa na moto wa mwali uliopanda kwenye vifuniko vya nje vyenye plastiki pamoja na povu la kinga ya joto nyuma yake. Halikuwa suala la kufukuta. Lakini ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, ilieleza jinsi watengenezaji walivyotumia matokeo ya vipimo kwa udanganyifu ili bidhaa zionekane salama. Uingereza ina maabara, wakaguzi na sheria za miaka mingi, na bado cheti cha karatasi kiliwapoteza. Sisi tunaopokea bidhaa hizo bandarini tuna sababu kubwa zaidi ya kuuliza: ilipimwa kwa njia gani, na kwa moto wa aina gani?

Kuhusu makuti, dawa ipo na haihitaji teknolojia kubwa. Mchanganyiko wa asidi ya boriki na boraksi hutumika dhidi ya moto na dhidi ya wadudu wanaokula nyuzi, kwa hiyo paa hupata faida mbili. Udhaifu wake ni kwamba huyeyuka katika maji. Masika moja huosha sehemu kubwa ya dawa iliyopuliziwa kwa nje, na mwenye hoteli aliyepulizia siku ya uzinduzi kisha akaitangaza miaka mitano anajidanganya. Afadhali makuti yazamishwe kwenye dawa kabla ya kuezekwa, na upande wa ndani upuliziwe tena kila baada ya mvua kubwa. Kuyaosha kwa maji ya bahari si dawa. Chumvi inayobaki husaidia kaa.

Dawa lakini ni ya pili. Ya kwanza ni kuutoa umeme ndani ya paa. Waya zipite ndani ya paipu ya chuma kwenye nguzo, viungio viwe ndani ya maboksi yaliyo usawa wa mkono wa mtu, na taa zining'inie mbali na makuti. Makuti ya zamani yaondolewe yote kabla ya mapya kuwekwa. Wadenmark, wenye nyumba nyingi za nyasi, wana desturi ya kuweka tabaka lisiloungua chini ya nyasi ili moto wa juu usiingie chumbani. Kwetu bamba la saruji au jipsamu chini ya makuti ya chumba cha kulala lingewapa wageni muda wa kutoka. Kingine ni nafasi kati ya banda na banda, ambayo hoteli zetu huitoa kafara kila zinapoongeza vyumba.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007, lina mamlaka ya kukagua majengo. Ukaguzi unaoonwa na wengi ni wa mitungi, njia za kutokea na ving'ora. Ningependa mkaguzi apande ngazi pia. Aingize mkono kileleni mwa makuti, afungue mfuniko wa dari, aguse migongo ya taa zikiwa zimewaka saa moja, aulize ni nini kimetandikwa hapo na kilipimwaje. Mtungi wa kaboni dioksidi huua mwali, lakini gesi ikishapeperuka kaa linaendelea kama kawaida. Poda nayo hubaki juu ya uso. Kwa kaa lililozama dawa ni maji, na kwa makuti makavu yanayokataa kulowa ni maji yaliyotiwa sabuni au povu la zimamoto, ili yapenye.

Kosa la mwisho hufanyika moto ukiwa umeshazimwa. Watu wanapiga makofi, majirani wanatawanyika, mwenye mali anahesabu hasara, na lile rundo la makuti meusi linaachwa uani. Au upande wa paa uliosalimika unaachwa ulivyo kwa sababu unaonekana umeokoka. Saa sita au kumi baadaye upepo wa usiku unabadilika na moto wa pili unaanza, safari hii watu wamelala. Baada ya moto wowote wa paa, dari, godoro au ghala la nyuzi, chukueni reki na upondo, fumueni kila tabaka mpaka muone fito tupu, tandazeni masalia mchangani mbali na nyumba, yalowesheni, yageuzeni, yalowesheni tena. Guseni kwa kiganja ukuta na boriti kutafuta joto. Awepo mtu wa zamu usiku kucha, na mtu yeyote asilale ndani ya chumba chenye harufu ya kuungua. Namba ya zimamoto ni 114, na inafaa kupigwa hata kwa harufu tu ambayo hamjui inatoka wapi.